KIMATHI KIZIMBANI: KESI ILIYONIFUNZA KUSOMA SHERIA

Nilipopewa nafasi ya kuandika maisha ya mtu mashuhuri, nilidhani kazi itakuwa rahisi kama kumsukuma mlevi. Kwetu ni Tetu, Nyeri. Kila mtoto wa Tetu anajua habari za Dedan Kimathi kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Nikasema moyoni, nitaandika kurasa mbili tatu, nitie methali, nimalize, nirudi kwenye hesabu zangu. Lakini wapi! Kabla sijashika kalamu, likaja jambo nyumbani lililonifanya nimsome Kimathi kwa macho mengine kabisa.

Jambo lenyewe ni hili. Likizo ya Desemba, binamu yangu ambaye ni mwendeshaji wa bodaboda alikamatwa katika mji mmoja wa hapa kwetu chini ya Mlima Kenya. Alikutwa na gunia la nyaya zilizosemekana kuwa za wizi. Yeye alidai ni mzigo wa abiria aliyemwacha na kutokomea. Usiku akalala seli, asubuhi akafikishwa kotini. Huko ukumbini mtu asiyemjua akamnong'oneza kwamba akikubali kosa mambo yatakwisha haraka, atatozwa faini ndogo aende zake. Maskini ya Mungu, akasomewa mashtaka, akakubali. Akafungwa miaka miwili. Shangazi alipopata habari alianguka chini kama gunia la viazi.

Jioni ile jamaa walikusanyika kwa Guka, ndivyo tumwitavyo babu huku kwetu. Kila mtu alikuwa na lake. Mmoja alisema kuna mtu anayejua mtu. Mwingine alisema tuuze ng'ombe. Guka alinyamaza kwa muda mrefu akichokoachokoa moto. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyeweza kulijibu: je, nani kati yetu ameiona karatasi yenyewe ya mashtaka? Tulitazamana kama kuku walionyeshewa. Hakuna aliyeiona. Guka akatikisa kichwa, akasema kwamba ndivyo ilivyokuwa mwaka 1956, yeye akiwa mtoto wa miaka kumi. Watu wa Nyeri waliambiwa kesi ya Kimathi na wengine. Wachache mno waliisoma wenyewe. Akanigeukia mimi, kwa kuwa alijua nina kazi ya kuandika, akaniambia nikimaliza kuisoma kesi ile nitajua pa kuanzia na hii ya binamu yangu.

Basi mpenzi msomaji, nifuate taratibu.

Dedan Kimathi alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1920 katika kijiji cha Thegenge, Tetu. Baba yake, Wachiuri, alikuwa amefariki kabla yeye hajazaliwa. Alilelewa na mama yake, Waibuthi. Umaskini wa mtoto yatima sihitaji kuueleza. Mwenye macho haambiwi tazama. Alianza shule akiwa amechelewa, karibu miaka kumi na mitano, katika shule ya msingi ya Karuna-ini. Baadaye alisoma katika shule ya misheni ya Waskoti huko Tumutumu, karibu na Karatina. Karo ilikuwa mlima. Ili kuipata alikusanya mbegu za miti na kuiuzia idara ya misitu. Hebu fikiria: yule ambaye baadaye angejificha msituni, kwanza aliujua msitu kwa kuokota mbegu zake ili anunue elimu.

Shuleni alisifika kwa Kiingereza, kwa mashairi na kwa mijadala. Alianzisha hata chama cha mijadala. Kwa hiyo wanachama wenzangu, tunapokaa kila Ijumaa kubishana kuhusu hoja, tujue tunafuata nyayo za zamani. Lakini karo ilimshinda, na masomo yakakatika. Aliingia jeshini, lakini hakudumu huko. Akashika kazi hii, akaiacha, akashika ile. Alichunga nguruwe, alifundisha shule ya msingi, akawa karani katika mambo ya maziwa huko Ol Kalou, ng'ambo ya milima ya Nyandarua. Wengine wakimsimulia huruka sehemu hii. Mimi naona ndiyo yenye mafunzo. Alikuwa kijana mwenye akili aliyebisha kila mlango na kuukuta umefungwa nusu.

Huko Ol Kalou na Thomson's Falls, mji tunaouita leo Nyahururu, alijiunga na chama cha KAU na kufikia kuwa katibu wa tawi. Kazi ya katibu ni nini? Ni kalamu na daftari. Tabia hiyo ya kuandika hakuiacha hata alipoingia msituni. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na Kimathi aliamini hivyo kwa vita pia.

Tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari. Viongozi wa KAU, akiwemo Jomo Kenyatta, walikamatwa, na kesi ya Kapenguria ikafuata. Kimathi naye alishikwa katika siku zile lakini akatoroka, akakimbilia msitu wa Nyandarua. Agosti 1953 wapiganaji walikutana Mwathe, ndani ya msitu, wakaunda Baraza la Ulinzi la Kenya. Mwaka 1954 wakaunda kile walichokiita Bunge la Kenya. Kimathi alikuwa mkuu katika hayo yote. Waliandikisha majina, waliweka kumbukumbu za mikutano, walituma barua kwa serikali na kwa magazeti. Yaani watu walikuwa wanalala mvuani, wanakula asali na nyama ya mwitu, na bado kuna karani anaandika kumbukumbu za mkutano!

Sasa nitasema jambo ambalo wengine hawapendi lisemwe. Msituni kulikuwa na mahakama pia, nazo hazikuwa na rufaa. Waliohukumiwa huko kwa usaliti au kwa kuvunja amri walipata adhabu kali, wengine ya kifo. Wakuu wenyewe walikosana. Wengine walipinga ukali wa Kimathi, na kundi likagawanyika. Katika vijiji napo ndugu alimwinda ndugu. Katika nyumba yetu wenyewe, baba yake Guka alikuwa homugadi, na kaka wa baba yake aliingia msituni na hakurudi. Guka hulitaja jambo hili mara chache, na akilitaja hutazama pembeni. Mwenye kovu usidhani kapoa. Kwa hiyo simwandiki Kimathi hapa kama malaika. Namwandika kama mtu aliyesimama kizimbani, na mtu wa kizimbani hahitaji kuwa malaika ili atendewe haki.

Kufikia 1956 vita vilikuwa vimewaelemea wapiganaji. Watu walikuwa wamehamishiwa katika vijiji vya kulazimishwa, na handaki refu lilikuwa limechimbwa kando ya msitu ili chakula kisiwafikie walio ndani. Handaki hilo lilichimbwa kwa mikono ya akina mama zetu. Afisa wa polisi Ian Henderson aliendesha msako wa kumtafuta Kimathi, akitumia hata wapiganaji wa zamani waliogeuka. Alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1956, miaka minne na siku moja tangu Hali ya Hatari itangazwe, Kimathi alitokeza ukingoni mwa msitu upande wa Tetu, karibu na kwao alikozaliwa. Alikuwa amevaa vazi la ngozi ya chui. Askari wa kikabila aitwaye Ndirangu Mau alimfyatulia risasi na kumjeruhi. Akapelekwa hospitalini Nyeri. Siku kumi baadaye, akiwa mikononi mwa serikali, akatimiza miaka 36.

Hapa ndipo niliposhtuka. Msomaji, nikikuuliza Kimathi alishtakiwa kwa kosa gani, utajibu nini? Nilipouliza darasani, wenzangu walisema uasi, wengine mauaji, wengine kuongoza Mau Mau. Hata mimi ningesema hivyo. Sote tumekosea. Alishtakiwa kwa makosa mawili tu chini ya kanuni za Hali ya Hatari: kupatikana na bastola, na kupatikana na risasi sita. Basi. Uongozi wake, vita vyake, ardhi na uhuru, hayo yote hayakuwa katika hati ya mashtaka.

Kwa nini wakafanya hivyo? Nilimuuliza mwalimu wetu wa historia, naye akanieleza vizuri sana. Kumthibitishia mtu mauaji kunataka mashahidi wa mauaji, mahali, siku na saa. Kumshtaki kwa uasi kungempa nafasi ya kueleza kotini kwa nini aliasi. Lakini bastola ni kitu cha kushikika. Inawekwa mezani, inaandikiwa nambari, inakuwa kielelezo. Na kanuni za wakati ule zilifanya kupatikana na bunduki bila idhini kuwa kosa la kunyongwa. Kwa hiyo kesi kubwa kuliko zote Nyeri ikawa, kwa mujibu wa sheria, kesi ndogo: je, alikuwa nayo au hakuwa nayo, na kama alikuwa nayo, alikuwa na udhuru?

Nikalielewa somo la kwanza. Kesi ya jinai si maisha yote ya mtu. Ni swali moja lililoandikwa kwenye karatasi. Asiyeisoma karatasi hajui anajibu swali gani.

Kesi ilianza Nyeri tarehe 19 Novemba 1956, mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor mwenyewe. Hapakuwa na baraza la wazungu la kuamua hatia kama walivyopewa walowezi walioshtakiwa. Walikaa wazee washauri watatu, Waafrika, ambao walisikiliza na kutoa maoni yao, lakini jaji hakufungwa na maoni hayo. Mshtakiwa alipewa wakili wa kumtetea. Lugha ya mahakama ilikuwa Kiingereza, na kati ya mashahidi na jaji alisimama mkalimani. Ujue kwamba neno likipita katika midomo miwili huwa limekwisha badilika rangi kidogo.

Kimathi alitoa ushahidi mwenyewe. Utetezi wake uliwashangaza wengi, na unawashangaza hata leo. Alidai kwamba alikuwa anatoka msituni ili ajisalimishe. Watu wanaompenda hawalipendi neno hili, kwa maana wanaona linampunguzia ushujaa. Wanaomchukia husema lilikuwa uongo wa mtu anayezama na kushika maji. Mimi sina uwezo wa kuamua. Lakini ukilitazama kisheria, utaona kwamba lilikuwa jibu la swali lililoulizwa. Mtu anayetoka kujisalimisha na silaha yake huenda akawa na udhuru. Mtu anayetoka kutafuta chakula huku amejihami hana. Kimathi, yule bingwa wa mijadala wa Tumutumu, alijua hoja iko wapi. Hakusimama kuhutubia taifa. Alisimama kupigania uhai wake kwa kulijibu shtaka lililokuwa mbele yake.

Tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo ya mwaka 1976 kuhusu kesi hii inamwonyesha akinguruma kizimbani mithili ya simba. Ni tamthilia nzuri, na nchi ilihitaji simba. Ila tamthilia ni tamthilia, na kumbukumbu za mahakama ni kumbukumbu za mahakama. Mtu akitaka kujua sheria asichanganye hayo mawili.

Tarehe 27 Novemba hukumu ikatolewa. Wazee washauri walisema ana hatia, na jaji akakubaliana nao. Kwa bastola, kifo. Kwa risasi, kifungo cha miaka saba cha kazi ngumu. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini nikacheka, halafu nikaona aibu kucheka. Mtu atanyongwa, na bado anaandikiwa miaka saba ya kazi ngumu! Lakini ndivyo sheria ilivyo, kila shtaka na hukumu yake.

Akakata rufaa kwa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, ikatupwa. Mawakili wakaomba ruhusa ya kufikisha shauri kwa Baraza la Mfalme huko London, wakakataliwa. Asubuhi ya tarehe 18 Februari 1957 alinyongwa katika gereza la Kamiti. Nilihesabu kwa vidole na kalenda: tangu risasi ya Tetu hadi kitanzi cha Kamiti ni siku 120. Mke wake, Mukami, aliruhusiwa kumwona kabla ya siku hiyo. Kaburi hakuonyeshwa. Aliitafuta mifupa ya mumewe maisha yake yote, akafariki Mei 2023 akiwa hajaizika.

Pale Nyeri mjini kuna kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti duniani, aliyefariki 1941. Lina jiwe, lina jina, lina tarehe, na wageni hutoka nchi za mbali kulitazama. Sisi skauti wa shule hii tumeenda mara mbili. Mwenyeji wa Tetu, mwendo mfupi tu kutoka hapo, hana jiwe. Sisemi kwa uchungu dhidi ya mzee wa watu. Nasema tu kwamba aliyeandikwa hupatikana, na asiyeandikwa hupotea.

Na faili ya kesi nayo ilipotea vivyo hivyo. Kwa miaka mingi waliotaka kuisoma hawakuiona. Watu wakajaza pengo kwa hadithi, kila mtu na Kimathi wake. Hatimaye mwaka 2017 kumbukumbu za kesi zilichapishwa katika kitabu kilichohaririwa na mwanahistoria Julie MacArthur. Miaka 60 tangu mtu anyongwe ndipo mwananchi wa kawaida akaweza kusoma alichoulizwa na alichojibu! Mwalimu mlezi wetu aliniazima kitabu hicho kwa sharti kwamba nisikikunje kurasa. Sikuzikunja, mwalimu, ila kuna doa moja dogo la chai. Nisamehe.

Usidhani karatasi za zamani hazina faida. Wazee waliotesewa vizuizini wakati wa Hali ya Hatari waliishtaki serikali ya Uingereza huko London. Mwaka 2011 ikafichuka kwamba maelfu ya faili za kikoloni zilikuwa zimehamishwa kutoka makoloni na kufichwa Uingereza, pamoja na zile za Kenya. Faili hizo zikasaidia kuthibitisha yale ambayo wazee walikuwa wakiyasema bila kuaminiwa. Juni 2013 serikali ile ikakubali kuwalipa wazee 5,228 fidia, gharama zote zikifika karibu pauni milioni 20. Baadhi yao ni wa vijiji vyetu hivi. Kilichokosekana kwa nusu karne hakikuwa ukweli. Kilichokosekana ni karatasi ya kuushikilia.

Basi nikarudi kwa Guka nikiwa na maswali badala ya hadithi. Kesho yake mimi na shangazi tukapanda matatu. Tulipofika mahakamani tuliomba mambo mawili: nakala ya hati ya mashtaka, na nakala ya mwenendo wa kesi, yaani yale yaliyoandikwa na hakimu siku ile. Tulizungushwa kidogo, njoo saa nane, njoo kesho, lakini nilikuwa nimejua kwamba Katiba ya 2010, Kifungu cha 50, inampa mshtakiwa haki ya kupata nakala hiyo kwa ada iliyowekwa na sheria. Shangazi, ambaye hakumaliza darasa la saba, alikitaja kifungu hicho kwa nambari. Karani alimtazama mara mbili. Tulipata nakala siku ya pili.

Tukaisoma usiku chini ya taa, mimi nikitafsiri. Na kumbe! Baada ya binamu yangu kukubali kosa na maelezo kusomwa, yeye alitamka kwamba mzigo ulikuwa wa abiria na hakujua ni wa wizi. Yaliandikwa pale pale, mstari mmoja. Halafu hukumu ikafuata. Sasa sheria inasemaje? Nilitafuta katika tovuti ya Kenya Law, ambako hukumu za mahakama zetu husomwa bila malipo. Huko nikakuta hukumu nyingi zikirejelea kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya 1973. Kesi hiyo iliweka utaratibu: mashtaka yasomwe na kuelezwa kwa lugha anayoifahamu mshtakiwa, akikubali, maelezo ya kosa yasomwe, na akiyapinga maelezo au akisema jambo linaloonyesha hana hatia, basi kukubali kwake kufutwe na iandikwe kwamba amekana. Niliposoma hapo moyo ulinidunda kama ngoma.

Nikaona pia onyo. Aliyekubali kosa kwa kawaida hawezi kukata rufaa juu ya hatia, ila juu ya adhabu tu. Lakini kama kule kukubali kwenyewe kulikuwa na kasoro, mlango bado upo. Na rufaa ina siku 14 tangu hukumu. Tulihesabu. Ilikuwa siku ya kumi na moja! Mahakama inaweza kuongeza muda kwa sababu nzuri, lakini nani anataka kuomba kinachoweza kukataliwa? Siku ya kumi na tatu rufaa iliandikishwa Mahakama Kuu, kwa msaada wa wakili aliyejitolea. Wakili huyo alizisoma karatasi zetu kwanza, ndipo akakubali kuja. Sidhani angekuja kwa sababu ya machozi yetu pekee.

Naandika haya na rufaa bado haijaamuliwa. Sitawadanganya, wasomaji wangu: sijui kama binamu yangu hana hatia. Nampenda, lakini sikuwapo. Huenda alijua nyaya zile zilitoka wapi, huenda hakujua. Ninachojua ni kwamba swali hilo halikuulizwa sawasawa, na mtu hapaswi kupoteza miaka miwili kwa swali ambalo halikuulizwa. Nilipomwambia Guka hivyo, alikaa kimya, kisha akaongea juu ya baba yake homugadi na juu ya ami yake wa msituni kwa mara ya kwanza akiwataja wote wawili kwa pamoja. Alisema kila mmoja alikuwa na kesi yake, na hakuna aliyeisikiliza yote.

Sheria za leo si zile za 1956. Hali ya Hatari ilikwisha mwaka 1960. Marufuku ya Mau Mau iliondolewa 2003, na Februari 2007 sanamu ya Kimathi ikazinduliwa Nairobi katika barabara yenye jina lake. Mfumo wa wazee washauri ulifutwa mwaka 2007. Hakuna aliyenyongwa Kenya tangu 1987, ingawa hukumu ya kifo ingali katika vitabu. Leo aliyekamatwa ana haki ya kuambiwa sababu mara moja katika lugha anayoielewa, ana haki ya kunyamaza, ana haki ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, na ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Haki hizi zimeandikwa katika Vifungu vya 49 na 50. Lakini haki iliyo kitabuni ni kama maji ya kisima: asiyeteremsha ndoo atakufa kwa kiu huku anasikia yakitiririka.

Kwa hiyo nawasihi wenzangu. Jamaa akikamatwa, msianze na kumtafuta mtu anayejua mtu. Anzeni na karatasi. Ulizeni ameshtakiwa kwa kosa gani, chini ya sheria ipi, kifungu kipi. Andikeni tarehe. Ombeni nakala. Mwambieni asikubali kosa asilolielewa, kwa kuwa haraka haraka haina baraka, na ya kotini ndiyo isiyo na baraka kabisa. Someni hukumu za kesi zinazofanana. Nendeni kwa wakili mkiwa na maswali yaliyoandikwa. Hayo si mambo ya wasomi wakubwa peke yao. Shangazi yangu ameyaweza.

Kimathi alianza kama mtoto aliyeokota mbegu ili apate kusoma. Alikuwa na daftari msituni, na daftari za serikali zikamhukumu, kisha zikafichwa tusizione. Sasa ziko wazi. Nikipita njia ya kwenda Karuna-ini huwa namfikiria si akiwa na ngozi ya chui, bali akiwa amekaa kizimbani na jeraha lake, akimsikiliza mkalimani neno kwa neno, akilitafuta lile swali aliloulizwa ili alijibu.

Kalamu yangu naiweka chini hapa. Mungu akipenda, jarida la mwaka ujao nitawaambia rufaa ilivyoamuliwa.

Mwanachama, Kidato cha Tatu.